Namba 88: Mume Aliyewapigania Wenzake na Mke Aliyempigania Mumewe

Katika ligi ya kandanda ya Kimarekani, ile ijulikanayo kwa herufi tatu za NFL, upo mfuko unaolipia matunzo ya wachezaji wa zamani walioharibikiwa na ubongo. Mfuko huo huitwa Mpango wa 88. Ulipoanzishwa, kiwango chake cha juu kilikuwa dola 88,000 kwa mwaka kwa mgonjwa aliyelazwa katika nyumba ya uuguzi, na dola 50,000 kwa yule anayetunzwa nyumbani kwake. Asiyejua asili yake anaweza kudhani kwamba tarakimu hizo zilitoka kwa wahasibu waliokaa wakapiga hesabu ya gharama za madaktari. Sivyo. Themanini na nane ilikuwa namba ya jezi ya mtu mmoja, John Mackey, na fedha hizo zilianza kutolewa mwaka 2007 kwa sababu mkewe alikataa kunyamaza.

Ndugu wasomaji, tumeona habari ya watu hawa wawili inastahili kurasa za familia kuliko kurasa za michezo. Michezo imo ndani yake, na hatutaipita, kwa maana bila kuijua kazi aliyoifanya bwana huyu hatuwezi kuelewa kilichomfika. Lakini swali lililo katikati yake linazihusu nyumba nyingi ambazo hazijapata kuuona mchezo huo hata siku moja: kazi ikimmaliza mtu, na maumivu yakajitokeza miaka thelathini baada ya kuiacha, gharama ni ya nani?

Kwanza mchezo wenyewe, kwani huku kwetu wengi wakisikia neno kandanda hufikiria ule tuujuao. Wa Kimarekani huchezwa zaidi kwa mikono. Kila upande una watu kumi na mmoja uwanjani, mpira una umbo la yai lililochongoka pande zote mbili, na lengo ni kuufikisha mwisho wa uwanja wenye urefu wa yadi 100, ama kwa kukimbia nao, ama kwa kurushiwana. Mchezo huenda kwa vipande vifupi vya sekunde chache. Kila kipande huanza kwa safu mbili za watu wazito kukabiliana uso kwa uso, wameinama, kisha wakagongana kama fahali.

Nyuma ya safu ya wenye mpira husimama mrushaji. Walio safuni wana kazi moja, kuzuia mtu asimfikie. Na walio pembeni, wepesi wa miguu, wana kazi moja pia, kukimbia mbele na kudaka. Baina ya makundi hayo mawili yupo mmoja anayesimama kwenye ncha ya safu, ambaye kazi zote mbili ni zake. Huyo ndiye taiti endi. Kipande hiki atamzuia mtu wa kilo 120. Kipande kinachofuata atachomoka, akimbie yadi ishirini, ageuke na kudaka mpira hali mabeki wawili wanamjia mbio. Maana yake ni kwamba hugongwa kwa namna zote mbili: migongano midogo isiyohesabika ya safuni, na ile mikubwa ya uwanja wazi ambayo watazamaji huishangilia.

John Mackey alizaliwa New York mwaka 1941, mwana wa mchungaji wa kanisa la Kibaptisti, akakulia Long Island. Alisoma Chuo Kikuu cha Syracuse, na mwenzake wa chumbani alikuwa Ernie Davis, kijana mweusi wa kwanza kupewa tuzo ya Heisman, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote kwa wachezaji wa vyuo vya Marekani. Davis aliugua saratani ya damu, akafariki mwaka 1963 akiwa na umri wa miaka 23, bila kucheza mechi hata moja ya kulipwa. Mwaka huohuo Mackey alichaguliwa na timu ya Baltimore Colts, akavaa namba 88.

Kabla ya zama zake, aliyesimama pale kwenye ncha ya safu alihesabiwa kuwa mzuiaji wa ziada tu, akirushiwa mpira pale ambapo wengine wote wamebanwa. Mike Ditka wa Chicago alianza kuibadili fikra hiyo mwaka 1961, na Mackey akaigeuza juu chini. Alikuwa na urefu wa futi sita na inchi mbili, uzito wa kilo mia moja na zaidi kidogo, na pamoja na mwili huo alikuwa na mbio za mtu mwembamba. Mwaka 1966 alifunga mara tisa, na sita kati ya hizo zilikuwa za masafa ya yadi 50 au zaidi. Ipo picha ya sinema ya mwaka huo, dhidi ya Detroit Lions, ambayo hata asiyeujua mchezo huu akiitazama ataelewa: Mackey amedaka, amezungukwa, beki mmoja anamparamia na kudondoka, wa pili anamshika na kuburutwa, wa tatu na wa nne wanagongana wenyewe kwa wenyewe, naye anatokea upande wa pili anakimbia peke yake.

Kwa miaka kumi alikosa mechi moja tu. Watangazaji walilitaja jambo hilo kwa sifa, na sifa lilikuwa. Sisi tunaolisoma leo, baada ya kujua mwisho wake, hatuwezi kulisoma kwa furaha ileile.

Siku yake iliyokumbukwa zaidi ni tarehe 17 Januari 1971, mjini Miami, katika fainali ya tano ya Super Bowl, Colts wakicheza na Dallas Cowboys. Mrushaji Johnny Unitas alimrushia mwenzao mwingine, Eddie Hinton. Mpira ulimgusa Hinton vidoleni ukapaa, ukapita kwa beki Mel Renfro, kisha ukaangukia mikononi mwa Mackey, aliyekimbia nao hadi mwisho. Yadi 75. Kanuni ya wakati ule ilikataza mpira ulioguswa na mshambuliaji mmoja kudakwa na mshambuliaji mwingine, isipokuwa kama beki ameugusa katikati yao. Waamuzi walisema Renfro aliugusa; Dallas walilalamika sana; bao likahesabiwa. Colts walishinda 16 kwa 13, kwa mpira uliopigwa kwa mguu zikiwa zimebaki sekunde chache. Mackey alipata pete ya ubingwa. Pete hiyo tutakutana nayo tena.

Alistaafu baada ya msimu wa 1972, aliocheza San Diego. Hesabu yake: mipira 331 aliyodaka, yadi 5,236, na mabao 38. Kwa vipimo vya leo si hesabu ya kutisha, kwa kuwa siku hizi mpira hurushwa mara nyingi zaidi. Ila ukigawa yadi zake kwa idadi ya mipira utapata wastani wa karibu yadi 16 kwa kila mmoja, na taiti endi wengi mashuhuri waliokuja baadaye hawakuufikia.

Sasa tuingie katika lile ambalo kwa maoni yetu ni kubwa kuliko mabao. Ligi mbili za mchezo huo zilipounganishwa mwaka 1970, Mackey alichaguliwa kuwa rais wa kwanza wa chama cha wachezaji kilichounganishwa nacho. Mwishoni mwa Julai mwaka huohuo wachezaji waligoma, na mapatano yalipatikana mwanzoni mwa Agosti. Jambo kubwa lililogombaniwa lilikuwa pensheni, yaani riziki ya mchezaji baada ya mwili kukataa. Mgomo ule ulikuwa mfupi, na wenye timu hawakuupenda hata kidogo, wala hawakumpenda aliyeuongoza.

Kisha akafungua kesi. Siku zile mchezaji aliyemaliza mkataba wake hakuwa huru. Angeweza kukubaliana na timu nyingine, lakini timu hiyo ilipaswa kuifidia ile ya zamani, na wakishindwa kuelewana, mkuu wa ligi, Pete Rozelle, ndiye aliyeamua fidia iwe nini. Angeweza kuwatwaa wachezaji wengine wa timu ile mpya na kuwapeleka timu ya zamani. Ni timu gani ingethubutu kumwajiri mtu bila kujua italipishwa kitu gani? Kwa hiyo mchezaji alibaki palepale, mshahara akipangiwa. Kanuni hiyo ilipitishwa mwaka 1963, baada ya mchezaji mmoja kuhamia Baltimore Colts kwa hiari yake, wenye timu nyingine wakaingiwa na hofu. Yaani Mackey aliingia katika ligi mwaka uleule mlango ulipofungwa, na aliingia katika timu ileile iliyosababisha ufungwe.

Kesi ya Mackey na wenzake ilisikilizwa Minneapolis. Mwishoni mwa mwaka 1975 Jaji Earl Larson aliamua kwamba kanuni ile inavunja sheria za Marekani zinazozuia wafanyabiashara kula njama dhidi ya ushindani, na mwaka 1976 mahakama ya rufaa iliuafiki uamuzi huo kwa sehemu kubwa. Ushindi huo haukuwanufaisha wachezaji mara moja. Mwaka 1977 chama chao kilikubali mkataba wenye masharti mapya yaliyorudisha sehemu kubwa ya kilichopatikana, na uhuru kamili wa kuhama haukupatikana mpaka mwaka 1993, baada ya kesi nyingine kufuata njia iliyokwisha fyekwa na ile ya Mackey. Mwaka 2024 taiti endi Travis Kelce alisaini mkataba wa miaka miwili wenye thamani ya dola milioni 34 na zaidi. Sehemu ya kuta za nyumba ya namna hiyo ilijengwa na watu waliolala nje.

Yeye mwenyewe alilipishwa. Jina lake lilikaa kwa miaka mingi bila kukubaliwa katika Jumba la Mashujaa la mchezo huo lililoko Canton, Ohio, na wengi waliamini kwamba kosa lake lilikuwa chama na mahakama, si uwanja. Aliingizwa mwaka 1992, katika mwaka wa mwisho wa nafasi yake ya kawaida. Ditka, aliyekuwa taiti endi wa kwanza kupewa heshima hiyo, alikwisha ingia miaka minne kabla yake. Na hata hapo Mackey hakuacha tabia yake. Timu ya Colts ilikuwa imehama Baltimore usiku wa manane mwezi Machi 1984, vitu vyake vikapakiwa katika malori hali theluji inaanguka, mji ukaamka asubuhi hauna timu. Desturi ilitaka Mackey akabidhiwe pete yake ya heshima kwenye mechi ya timu hiyo, Indianapolis. Alikataa. Alisema kwa kitendo kwamba yeye alichezea Baltimore, na pete akapewa Baltimore, katika mechi ya kirafiki ya timu mbili za miji mingine.

Huyu ndiye mtu ambaye, alipokaribia miaka 60, alianza kubadilika.

Maradhi yaliyompata madaktari huyataja kwa sehemu ya ubongo yanayoishambulia, yaani ya mbele na ya pembeni. Ni jamaa ya maradhi ya usahaulifu wa wazee, lakini hayafanani nayo mwanzoni, na hapa tungependa msomaji atulie kidogo. Usahaulifu wa kawaida huanza na kumbukumbu: mzee hulitafuta jina la mjukuu asilipate. Haya mengine huanza na tabia. Sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo inayotuzuia tusiseme kila linalotujia, tusimnyang'anye mtu, tusikasirike hadharani. Inapoliwa, mtu mpole huwa mkali, mkarimu huwa mshuku, mtaratibu hukataa kuoga na hukataa kuambiwa. Tena huja mapema kuliko yale mengine, mara nyingi kabla ya uzee wenyewe. Jamaa za mgonjwa hukaa miaka wakidhani ni ukorofi, au ni ndoa iliyochoka. Katika mitaa yetu mtu akifikia hapo wapo watakaosema karogwa, na wapo watakaosema alikuwa hivyo tangu zamani ila alikuwa anajificha. Maneno yote mawili humuumiza mke.

Bi. Sylvia alikutana na John walipokuwa chuoni Syracuse. Alikuwa mwanamitindo; walizaa watoto watatu. Maradhi yalipoingia nyumbani, familia ilikuwa ikitegemea pensheni ya mchezaji wa zama za mishahara midogo, na pensheni hiyo ilikuwa chini ya dola 2,500 kwa mwezi. Marekani mtu asiye na bima ya afya hana mlango wa kugonga, na bima kwa kawaida hufuata ajira. Bi. Sylvia, akiwa na umri wa miaka 56, umri ambao wenzake wanahesabu miaka ya kupumzika, alikwenda kujifunza uhudumu wa ndege na kuajiriwa na shirika la United Airlines ili apate bima. Alisukuma vigari vya chakula angani, akarudi nyumbani kumwogesha mumewe.

Kisha kuna siku ya uwanja wa ndege. Walikuwa wasafiri wawili katika foleni ya ukaguzi, na mkaguzi akamwambia Mackey avue vitu vyake vya chuma, pamoja na ile pete ya ubingwa wa 1971. Kwa mtu mzima wa akili ni jambo la nusu dakika. Kwake yeye, mtu asiyemjua alikuwa anataka kumnyang'anya kitu pekee kilichokuwa bado kinamwambia yeye ni nani. Alikataa, akapita kwa nguvu, walinzi wakamkamata na kumwangusha, hali mkewe anapiga kelele kwamba huyu ni mgonjwa. Mtu ambaye mabeki wa Detroit hawakuweza kumwangusha aliangushwa sakafuni na walinzi, na aliyekuwa akilia pembeni ni yule aliyempikia asubuhi. Tunalieleza tukio hili kwa sababu wapo wanaodhani kwamba kumtunza mgonjwa wa akili ni suala la subira peke yake. Subira alikuwa nayo. Alichokosa ni nguvu ya mikono ya kumzuia mwanamume wa kilo mia, na fedha ya kumlipa mwenye nguvu hizo.

Maombi ya msaada yalikwama mahali pamoja. Ligi ilikuwa na utaratibu wa kuwalipa walioumia kazini, lakini ulemavu wa Mackey haukuhesabiwa kuwa wa kazini, kwa hoja kwamba hakuna uthibitisho unaounganisha mchezo na maradhi ya ubongo. Tukiangalia tarehe, hoja hiyo tayari ilikuwa imeanza kuvuja. Mwaka 2002, mjini Pittsburgh, daktari kijana mzaliwa wa Nigeria, Bennet Omalu, aliuchunguza ubongo wa mchezaji mashuhuri Mike Webster, aliyefariki akiwa na miaka 50 baada ya kuishi miaka yake ya mwisho katika hali ya kusikitisha. Kwa macho ubongo ulionekana mzima. Chini ya darubini alikuta mabaki ya protini iitwayo tau yamejikusanya mahali yasipopaswa kuwa. Aliandika matokeo hayo katika jarida la madaktari mwaka 2005, na madaktari waliokuwa wakiishauri ligi wakadai makala yake iondolewe. Maradhi hayo sasa hujulikana kwa herufi za CTE. Hayahitaji pigo moja kubwa la kumzimisha mtu. Yanajengwa na mapigo madogo mengi, miaka na miaka, yale ambayo mchezaji huinuka akajikung'uta na kurudi safuni. Na kwa mtu aliye hai hayathibitiki kwa hakika. Ubongo sharti ufunguliwe baada ya kifo.

Hebu tuufikirie mtego huo. Mgonjwa anaambiwa alete uthibitisho, na uthibitisho ni maiti yake.

Mwaka 2006 Bi. Sylvia alimwandikia barua mkuu wa ligi wa wakati huo, Paul Tagliabue. Hakuandika kama mwanasheria. Alieleza maisha ya ndani ya nyumba moja: ugonjwa unaoua polepole, unaoharibu akili ya mmoja na kumwangamiza pia anayemtunza. Barua ilifika mahali palipostahili, na ligi pamoja na chama cha wachezaji, kile kile alichokiongoza mumewe, vikakaa mezani. Mwanzoni mwa mwaka 2007 mpango ukatangazwa, ukapewa namba yake.

Hatutaki kuupamba kupita kiasi. Mpango wa 88 ulilipia nyumba za uuguzi, wauguzi wa nyumbani na vituo vya kutunzia wagonjwa mchana, na kwa familia zilizokuwa zimeuza kila kitu hiyo ilikuwa tofauti ya kuzama na kuelea. Baadaye ulipanuliwa ukawafikia na wenye maradhi mengine ya mishipa ya fahamu. Lakini ulitolewa kama msaada, si kama fidia. Kuupokea hakukuwa na maana kwamba ligi imekiri chochote. Katika kuutangaza, wahusika waliendelea kusema kwamba maradhi hayo huwapata pia watu wengi ambao hawakucheza mpira. Ni kweli kwamba huwapata. Ni kweli pia kwamba mwenye kiwanda aweza kujenga zahanati karibu na moshi wake, asiutaje moshi. Kwa upande wetu tunaona mke aliyechukua fedha hizo bila kungoja neno la kukiri alifanya sawa. Mgonjwa hulishwa leo. Kukiri kunaweza kuja kesho.

Jambo jingine alilolifanya, ambalo hesabu za dola hazilioneshi, ni kuwatafuta wake wenzake. Nyumba nyingi za wachezaji wa zama zile zilikuwa na siri hiyohiyo, kila moja ikidhani iko peke yake, kwa kuwa aibu hufunga milango. Mtu aliyekuwa akishangiliwa na maelfu sasa havai suruali yake mwenyewe. Mke gani atalisema hilo barazani? Bi. Sylvia alilisema mbele ya waandishi wa habari, kwa jina lake na la mumewe. Wengine wakaanza kupigiana simu, wakaelekezana fomu zipi zijazwe na daktari gani anaelewa. Umoja ule wa wake haukuwa na ofisi wala rais, lakini ulifanya kazi ambayo chama kilichelewa kuifanya.

John Mackey alifariki Baltimore tarehe 6 Julai 2011, akiwa na umri wa miaka 69. Familia iliridhia ubongo wake upelekwe kwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston, ambako zilikuwa zikikusanywa bongo za wachezaji waliofariki. Walikuta CTE.

Kesi za wachezaji wa zamani zilianza kumiminika mwaka uleule aliofariki. Walioshtaki walifika zaidi ya 4,500, na mwaka 2013 ligi ilikubali kulipa dola milioni 765, kiwango ambacho baadaye kiliondolewa kikomo kwa amri ya mahakama. Hata humo kulikuwa na doa. Katika kupima nani ameathirika kiasi cha kulipwa, ilitumika kanuni iliyochukulia kwamba mtu mweusi ameanza maisha na uwezo mdogo wa akili kuliko mweupe. Kwa hiyo mweusi alipaswa kuonesha upungufu mkubwa zaidi ndipo ahesabiwe mgonjwa. Katika mchezo ambao wengi wa wachezaji wake ni weusi, tunamwachia msomaji aone nani alifaidika. Wachezaji wawili waliipinga mahakamani mwaka 2020, na mwaka 2021 ligi ikaahidi kuiacha.

Mnamo Machi 2016, mbele ya kikao cha wabunge mjini Washington, ofisa mwandamizi wa ligi anayehusika na afya na usalama wa wachezaji aliulizwa kama upo uhusiano kati ya mchezo huo na maradhi ya CTE. Alijibu kwamba bila shaka upo. Ilikuwa miaka kumi tangu barua ya Bi. Sylvia, na inakaribia mitano tangu kifo cha mumewe.